Posa ya Restituta na Waifai Yangu

Mpaka leo nikipita sokoni Ifakara watu wananong'onezana, na siwalaumu, maana aibu niliyojipatia mimi hata adui nisingemtakia (isipokuwa shemeji yangu Gaudensi, huyo namtakia, na mtaona kwa nini).

Binti yangu Restituta alikuwa anaposwa na kijana wa Kisukuma. Wazazi wa kijana wako Shinyanga, baba mtu miguu inamsumbua hawezi safari, basi tukakubaliana posa ipite kwenye simu, tuonane nyuso. Na mimi mwenye nyumba nina waifai ninayochangia na wapangaji wangu, nikajiona mtu mkubwa.

Sasa msimu ule magunia ya mpunga yalijaa sebuleni, na panya nao wakahamia, wakatafuna waya wa kwanza, wakatafuna wa pili. Nikasema potelea mbali, kile kisanduku cha intaneti nikakitia ndani ya sanduku la bati la mke wangu, waya ukatokea kwenye upenyo, nikafunika, nikaona nimewakomesha. (Kuanzia hapo wapangaji wakawa wanalalamika intaneti inajikokota. Nikawaambia wamezidi kuangalia mipira.)

Siku ikafika. Tumevaa, simu tumeiegemeza juu ya gunia, wazee wa Shinyanga wakatokea wamejipanga, baba mtu akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mzee mwe..." akaganda. Mdomo wazi. Restituta anafuta jasho, ananiambia, "Baba, fanya kitu, wataona tumewakatia makusudi!"

Hapo Gaudensi, mtu ambaye hajawahi kufunga hata balbu, akaniinamia sikioni. "Shemeji, intaneti yote anaila Shija kule chumba cha nyuma. Muda wote anaangalia ngoma za kwao. Kapambane naye."

Shija ni mpangaji wangu, anafanya kazi mashine ya kukoboa, Msukuma naye, kijana mpole kabisa. Ningefikiri kidogo tu! Lakini nilishapandwa na hasira, nikanyakua simu nikatoka nayo uani, nikapiga mlango wake teke, wapangaji wote wakatoka kuangalia.

"Shija! Toka humo! Nyie Wasukuma mmeleta ng'ombe wakala mpunga wetu bonde zima, hamjashiba, sasa mnakula na intaneti yangu? Mna matumbo gani nyie?"

Shija akatoka na taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni. "Shikamoo mzee. Mbona simu yangu iko kwa fundi tangu juzi?"

Sasa sikilizeni. Wakati mimi natukana huku nje, mke wangu kule ndani kafungua lile sanduku la bati atoe kitenge kipya. Kumbe bati ndilo lililoibana; intaneti ikaachiwa kama maji ya mfereji! Nikaona mpangaji wa mbele, Mama Zawadi, kashika mdomo, anauangalia mkono wangu. Nikaitazama simu. Mdomo wa baba mkwe ulikuwa umefungwa. Nyuma yake mashangazi, macho makavu.

Mafuriko yalishanibeba mimi, nikashika tawi nikapona, lakini sikuogopa vile.

"Mzee mwenzangu," akasema baba mkwe taratibu, "matumbo yetu ni ya kawaida tu."

Shangazi mmoja akadakia, "Na ng'ombe wa mahari je? Tuje nao tumewafunga midomo?"

Nikababaika eti nilikuwa natania. Restituta akatoka mbio, akapiga magoti pale uani na gauni lake jipya, analia, anawaomba wasimwache.

"Wewe mwanangu huna kosa," baba mkwe akamwambia. "Posa tunaleta. Ila huyo bwana hatuongei naye. Mpe simu yule aliyetukanwa akajibu shikamoo."

Shija akaenda kuvaa shati, akaingia sebuleni kwangu, akakaa kwenye kiti changu, akapokea posa ya binti yangu kwa Kisukuma, wanaongea, wanacheka, na mimi baba mzazi niko nje na kuku, sielewi hata neno. Gaudensi? Alishapanda baiskeli yake zamani, karudi kwao Idete.

Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu. Mshereheshaji alipoita, "Baba wa bibi harusi asimame!" tukasimama wawili, na vigelegele havikuwa vyangu.

Siku hizi intaneti ikilegea sigombani na mtu. Naizima, nafunga mdomo, naenda zangu shamba.