Sega Moja Tu la Kumpa Mama

Jamani, hii habari nikiisimulia watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, maana nitafanyaje, ila mpaka leo nikipita njia ya Makutupora nikaliona geti la ile shule yangu nageuza shingo upande wa pili, kwa aibu ya siku ile mgeni rasmi alipojifungia kwenye gari akapandisha vioo na wazazi wa watu wakajazana chini ya meza za chakula. Aliyewafikisha pale ni mimi. Mimi Damari, mhitimu mtarajiwa wa kidato cha sita, nikiwa na joho.

Shule yetu ilikuwa na sheria yake: huhitimu bila mradi. Hata uwe unaongoza darasa tangu kidato cha tano, kama hujakamilisha mradi wako na siku ya mahafali hujasimama mbele ya wazazi ukaueleza, jina lako halisomwi na cheti cha shule hupewi. Basi wenzangu wakachagua vitu vya amani. Kuna waliokausha zabibu, kuna waliotengeneza jiko la jua (na jua la Dodoma mnalijua lenyewe, halihitaji kubembelezwa), mimi na rafiki yangu Upendo tukachagua nyuki. Upendo alinifuata mimi tu. Mimi nilikuwa namfuata mama.

Mama aliondoka nikiwa kidato cha kwanza, akaenda Maskati kufanya kazi za ndani, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Likizo nilikuwa naenda kwa bibi, kijijini Haneti, na huko ndiko tulikokuwa tunaonana naye, kwenye simu ya mjomba, ile ya kuonana, yaani nusu uso nusu dari, halafu mtandao ukikata anaganda pale amefumba macho, na mimi nabaki nimeishika simu vilevile, naogopa kuikata hata hivyo alivyoganda. Na kila tukiongea hakosi kusema, "Damari mwanangu, huku asali ipo, tena ya bei, lakini ya kumimina. Mimi nina hamu na sega. Sega la kwetu, lile unatafuna mpaka unabaki na nta mdomoni." Sasa mtu ukiambiwa hivyo miaka na miaka, halafu shule inakwambia chagua mradi, utachagua jiko la jua?

Mwalimu Sebastian, aliyekuwa anatufundisha baiolojia na ndiye msimamizi wetu, alitutundikia mzinga kwenye mgunga nyuma ya shamba la shule, akatupa masharti. Mzinga unafunguliwa jioni, jua likishapoa. Unavaa ovaroli nyeupe na kofia ya wavu. Mwenzako anashika bomba la moshi. Usivae nguo nyeusi, usijipulizie manukato, nyuki hawapendi. Masharti haya niliyajua mpaka nikawa nawafundisha kidato cha tano, tena kwa kuwafokea.

Wiki ile ya mahafali tukavuna. Mwalimu alitaka asali yote ikamuliwe, ijazwe kwenye chupa za kufanana, zipangwe mezani zipendeze, basi tukakamua yote, na nta tukatengenezea mishumaa na mafuta ya midomo. Tulipomaliza tu, mama akampigia mwalimu simu, nikaitwa ofisini. Mabosi wake walikuwa wanakuja Zanzibar na watoto kupumzika, wanakuja naye, na amewaomba mpaka wamempa siku mbili, kuja na kurudi. "Nakuja kwenye mahafali yako," akasema. "Nitakuona, mwanangu. Nitakuona kwa macho yangu." Nilipiga kelele pale ofisini mpaka mwalimu akaangusha chaki.

Jumamosi ikafika. Nikaoga, nikasuguliwa visigino na Upendo, nikavaa joho (jeusi, mnaona tunakoelekea), halafu nikatoa kichupa cha manukato alichonitumia mama kupitia jirani yetu mmoja, nilikitunza sijakifungua hata mara moja, nikajipulizia shingoni, mikononi, kifuani, na kwenye joho lenyewe, maana nilitaka akinikumbatia ajue kwamba vitu vyake vinanifikia. Upendo akaziba pua. "We Damari, unahitimu au unaolewa?"

Ilipofika saa sita mchana mwalimu akaniita pembeni: mama ameshuka kwenye treni, anatafuta bajaji. Jamani moyo! Nikazunguka meza yetu nikitengeneza chupa ambazo zilishatengenezwa, na hapo ndipo macho yangu yakaona kitu kilichonikata maini. Asali ya kumimina. Chupa zote, asali ya kumimina. Mama anavuka bahari, anapanda treni, anakuja kwa mwanawe mwenye mradi wa nyuki, na mwanawe anampa kitu kilekile alichokikimbia kule! Nikajiambia, mle mzingani tuliwaachia nyuki masega yao machache, ngoja nikachukue moja. Moja tu. Dakika chache nimerudi. Kumtafuta Upendo ashike bomba la moshi nikaona ni kuchelewa, kuvua joho nikaona ni kuchelewa, ovaroli ilikuwa stoo na funguo ya stoo sijui anayo nani.

Basi jua la saa sita, joho jeusi, manukato ya Maskati, bila moshi, bila kofia, mwalimu wa kidato cha tano huyoo anafunua mzinga.

Sitawaelezea sana. Wa kwanza alinipata kwenye kope. Nikasema moyoni, tulia Damari, usipige mikono, nyuki mmoja si hoja, halafu wakatoka waliobaki. Sega nilikuwa nimelishika, na niseme tu kwamba sikuliachia, nikageuka nikakimbia nalo. Sasa mtu mwenye akili akifukuzwa na nyuki anakimbilia porini, au bwenini akafunge mlango. Mimi nilikimbilia kwenye turubai la wageni, maana kichwani mlikuwa na wazo moja tu, kwamba mama huenda ameshafika na amekaa pale.

Kwaya ya shule ilikuwa katikati ya wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja kutoka huko maofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali. Sauti ya tatu ndiyo iliyoacha kuimba kwanza. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Tutulie wapendwa, ni wadudu wa kawaida tu," halafu tukasikia, bado kwenye kipaza sauti, "Mamaaa!" na kipaza kikaanguka. Viti vikapinduka. Wababa wa watu wenye suti wakavua makoti wakajifunika vichwa, wamama wakaingia chini ya meza za pilau, na mheshimiwa, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anatembea taratibu akipunga mkono, alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye zulia. Mimi nilikuwa nazunguka katikati nikiita, "Mama! Mama!" na kila ninapokwenda watu wanatawanyika, kwa sababu nyuki nilikuwa nao mimi.

Mwalimu Sebastian ndiye aliyenikamata, akanivua joho, akanimwagia ndoo ya maji ya kunawia, na nesi wa shule akanichoma sindano, akanitoa miiba, akanikalisha kwenye benchi la barazani na kanga mbichi mabegani, na sega langu mapajani. Kope zilikuwa zimevimba zikafunga kabisa. Si kwamba nilikuwa naona kwa shida. Nilikuwa sioni. Midomo nayo imeumuka kama maandazi, na yale mafuta ya midomo ya mradi wetu yako mezani kule, yanajitangaza.

Nimekaa hivyo nikasikia viatu vinakuja barazani, na mtu akasimama mbele yangu. "Pole mwanangu. Pole sana jamani. Samahani, namtafuta binti mmoja anaitwa Damari, wa mradi wa nyuki. Unamfahamu?"

Ile sauti. Bila kukatakata, bila kuganda, iko hapo hapo juu ya kichwa changu. Na ananiuliza mimi nilipo! Nikajitahidi na ile midomo, nikasema, "Mama."

Akainama akanishika bega. "Ee, usilie. Mama yako atakuja, mwanangu. Yuko njiani huyo. Usilie."

Nikamshika mkono nikaung'ang'ania, nikarudia, "Mama, mama," na yeye ananibembeleza kwa huruma yote, huku nahisi kabisa mwili wake umegeukia upande mwingine, anatafuta kwa macho mtoto wake kwenye lile kundi. Sijawahi kusikia upweke wa namna ile, na mama yangu kanishika bega.

Upendo ndiye aliyetokea mbio. "Shikamoo mama. Mama, huyo ndiye Damari."

Mikono yake yote miwili ikaja usoni kwangu, taratibu, ikapita kwenye paji la uso, kwenye masikio, ikafika kwenye kile kikovu changu cha kidevuni nilichokipata utotoni kwenye jiwe la kusagia la bibi. Akapiga ukelele ambao nadhani uliwatoa nyuki waliobaki. "Yesu wangu! Ni mwanangu! Nimempita mwanangu!" Tukalia wote, na yeye katikati ya kulia akaanza kucheka, na mimi kucheka kunauma. Nikampapasa uso. Alikuwa amekonda, mashavu yale ninayoyajua hayapo. Nikamuuliza, "Mama, umevaa nini?" Akanielezea, kitenge cha njano, kilemba, hereni ndogo alizozinunua kwa ajili ya siku hii. Nikampa sega. Lilikuwa limepondeka na lina nyasi, na akalitafuna pale pale, nikawa nasikia anavyotafuna.

Mradi tuliuwasilisha, ndiyo, sheria ni sheria. Mama akanishika mkono akanipandisha jukwaani, nikazungumza kwa midomo ile, Upendo akinitafsiria, na mheshimiwa akauliza swali lake akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa kiasi cha sauti kupita. Watu walipiga makofi. Waliniambia mama alisimama mstari wa mbele anapunga kanga yake. Mimi nilipunga upande ambao nilidhani yuko.

Usiku huo nesi alimruhusu alale na mimi. Ile sindano ilikuwa na usingizi, hata stori sikumaliza moja. Asubuhi na mapema akaniamsha, treni haisubiri, boti nayo haisubiri. Nikajaribu kuzivuta kope kwa vidole nione japo kidogo, nikaambulia mwanga na kitu cha njano kinachosogea mlangoni.

Macho yalifunguka yakiwa yamechelewa. Upendo ana picha tuliyopigwa, mama anatabasamu kwenye kamera na mimi pembeni yake sina macho. Naitazama sana ile picha. Hivi ndivyo alivyokuwa, kumbe.

Niwaambie basi: siku akipata ruhusa nyingine, mtu asinitume hata maji ya kunywa. Nitakaa getini tangu alfajiri, mikono mitupu, sinukii chochote, na simwandalii kitu. Juzi tumeongea, ile ya nusu uso nusu dari, nikamwambia mama ile safari uliipoteza bure. Akakataa. Akasema hakulala usiku ule, aliwasha taa ya simu akawa ananiangalia, na uvimbe wangu wote, mpaka akashiba.

Mimi bado.