Waya wa Wangeci na Nduma za Gichuru
Wangeci aliwaunganishia watu simu kwa miaka ishirini na tisa, na alipostaafu akagundua kwamba hawezi kuishi bila sauti za mbali masikioni. Basi akafanya mtihani, akapata leseni ya redio, akasimamisha mlingoti nyuma ya nyumba yake Ruiru. Kila Jumamosi saa kumi jioni huongea na Emmaculate, mwenzake wa kazini zamani, ambaye siku hizi yuko Kitale na ng'ombe wake watatu. Simu wanazo wote wawili. Lakini simu, husema Wangeci, hata mtoto anaweza kupiga.

Mumewe Gichuru hakuwa na neno na redio hiyo mpaka radi ilipopasua mti wa avokado wa jirani. Hapo akasema, taratibu, kwamba mvua za Aprili zikianza kabla umeme haujatengenezewa njia ya kushuka ardhini, mlingoti utang'olewa. Gichuru akisema kitu taratibu namna ile, kimekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: fimbo ya shaba ipigwe chini, iunganishwe kwa waya na redio. Taabu ilikuwa mahali. Chini ya dirisha la redio, pale maji ya kuoshea vyombo yanapotokea, Gichuru alikuwa amepanda nduma, magimbi yale yanayopenda maji. Nduma hizo asikuambie mtu. Alizipalilia kwa mkono, na mbuzi aliyewahi kuzionja anatajwa kwa ubaya hadi leo. Wangeci akaamua kuzunguka: waya ufuate ukuta, upite kona mbili, uishie nyuma ya stoo. Mita ishirini na mbili, na hakuna atakayesumbuliwa.

Akaenda Thika kwa Kulwant, muuza vifaa vya umeme aliyemjua tangu enzi za kazi, akaitisha waya ule mwembamba wa kijani na njano. Kulwant akataka kujua unapelekwa wapi. Alipoelezwa, akaweka koleo chini.

"Mama Ngendo, hii mimi siuzi," akasema. "Radi haina time ya kuzunguka kona. Weka nene, fupi, inyooke. Na pahali ya kupiga hiyo fimbo iwe na maji."

Akampimia mita tatu za shaba nene. Akamwagiza pia aiunganishe fimbo hiyo na ile ya umeme wa nyumba, na achomoe kebo ya mlingoti kila mawingu yakitanda, maana waya si uganga. Wangeci akashukuru, akarudi nyumbani akijua vizuri kwamba kwao penye maji ni mahali pamoja tu, penye nduma.

Kwa siku mbili waya ulilala chini ya kitanda. Mama huyu, aliyewahi kumkatia simu mkuu wa wilaya bila kupepesa macho, aliogopa majani ya nduma. Siku ya tatu mawingu meusi yakaja kutoka upande wa Theta. Akamweleza mumewe yote harakaharaka, akamalizia kwamba kama haiwezekani, basi mlingoti ung'olewe tu, atazoea.

Gichuru akavaa gambuti, akachukua jembe, akaanza kung'oa mashina ya katikati, yale manono kabisa.

"Baba Ngendo, si hata moja ungeacha?"

"Nduma nitapanda tena," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe radi ikikuchukua, nitapanda nini?"

Wangeci akamshikia fimbo aigonge. Ilizama kwenye tope lile kama mwiko kwenye uji. Mvua iliwakuta wakikaza klampu ya mwisho, wakakimbilia ndani wamelowa chepechepe, wakicheka. Usiku huo walikula nduma changa na chai. Hazikuwa na ladha, na Wangeci akaongeza mara mbili kwa furaha.

Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimeisha, Wangeci alikuwa hewani na Emmaculate aliposikia maji yakimwagika chini ya dirisha. Akachungulia. Gichuru alikuwa ameinamisha karai, akiimwagilia fimbo ya shaba polepole, mpaka udongo ukalainika pande zote.

"Endelea kuongea," akamwambia. "Nimeshainywesha."