Mzee Mwololo na Kiingereza cha Kitabu cha Zamu

Mzee Mwololo alilinda lango usiku, mimi, jina langu Mgeni, mchana, kwenye fleti za kupangisha kule Muthangari. Mwaka wa 2004 alinunua kamusi kuukuu ya Kiingereza kando ya barabara mjini, na amani yangu ikaishia hapo. Kila jioni alikariri maneno matano akija kazini kwa miguu kutoka Riruta, kisha akatumwagia sisi. Chai ya Wamucii, mama wa kibanda, aliiita “insipid”, yaani haina ladha. Wamucii akamjibu kwamba ya insipid imeisha, imebaki ya tangawizi.

Nilicheka, lakini kusema kweli nilimwonea wivu. Kiingereza changu mimi kilikuwa “yes” na “no parking”.

Kwetu mlinzi anayetoka huandika katika kitabu cha zamu aliyoyaona, anayeingia akasoma na kutia sahihi. Jumatatu moja Mwololo aliandika: “The subterranean reservoir exhibits incessant effusion.” Nilisoma mara tatu. Nimuulize maana yake? Heri nife! Nikaandika “Noted”, nikatia sahihi, nikaketi zangu.

Kumbe tangi la chini ya ardhi lilikuwa linavuja. Kufikia alasiri chumba cha pampu kilikuwa kimejaa maji, pampu imeungua, na wapangaji wameshuka na mataulo viunoni kunitafuta.

Kesho yake supavaiza, Bwana Mbuthia, alituita ofisini.

“Mwololo aliandika vizuri sana,” alisema. “Wewe Mgeni ulisoma, ukanyamaza. Rudisha yunifomu.”

Nina watoto watatu. Nilimtazama Mwololo, amesimama kifua mbele kwa hiyo sifa, nikajua nimekwisha.

Mzee akakohoa.

“Afande, makosa ni yangu. Ningesema tu tangi inavuja.” Kisha akakisogeza kitabu mezani. “Lakini kama ni kufuta watu, hapa chini ya Mgeni kuna sahihi ingine. Ya saa tatu asubuhi.”

Ilikuwa ya Mbuthia mwenyewe. Alikuwa amepita kukagua, akaandika: “Seen. Good work.”

Nilitamani kumkumbatia yule mzee palepale. Mbuthia aliikodolea macho sahihi yake, akakifunga kitabu polepole, akainuka kwenda kufunga mlango.

“Rudini kazi,” alisema kwa sauti ya chini. “Na hii maneno isifikie landlord.”