Nilimjibia Mke Wangu, Sasa Nasonga Ugali wa Madonge

Kosa ni langu peke yangu. Naandika haya nikiwa na akili timamu, na nikiwa na njaa.

Mke wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukaisha nguvu. Mimi kiwanda kilikuwa kimetupunguza kazini, hivyo muda wa kusoma nilikuwa nao. Nilisoma kitabu cha elimu ya viungo vya mwili mara mbili, nikapiga mstari chini ya kila neno muhimu. Nikajiona daktari wa mtaa wetu mzima wa Kamunyonge!

Fundi cherehani mmoja wa Bunda, aliyewahi kuugua hivyohivyo, akanishauri kwa simu: "Mzee, kuna dada hospitali ya huku. Anafundishaga wagonjwa kufanya tena shughuli zao za kila siku."

Nikapanda basi kumwomba. Akaja. Nilitegemea mashine, au hata sindano. Alikuja na mkoba wa vipande vya mpira wa baiskeli!

Akaingia jikoni, akatazama mafiga, akakaa kwenye kigoda cha mke wangu. Kisha akamuuliza: "Mama, unataka mkono huu ukufanyie nini?"

Siku hizo mke wangu alisema polepole. Kabla hajafungua mdomo, nikajibu: "Anataka kuandika." Ratiba nilikuwa nimeshaipanga: herufi kubwa asubuhi, herufi ndogo jioni.

"Nimemuuliza mama, baba."

"Ninayemfahamu ni mimi!"

Dada akafungua mkoba wake. Akaviringisha mpira kwenye mpini wa mwiko mpaka ukanenepa, akamshikisha mke wangu. Nikawaka. Mgonjwa kutumwa jikoni! "Wewe dada, serikali imekusomesha uje kusonga ugali?"

Akafunga mkoba wake, akaaga kwa adabu, akaenda.

Nikaubandua ule mpira, nikapiga mwiko msasa. Napenda vitu viwe sawa.

Miezi minane tukaandika. Madaftari manne! Mwandiko mzuri kabisa, wangu, maana mkono wake nilikuwa nauongoza mimi. Vidole vyake vikajikunja, vikakataa kukunjuka.

Nilirudi Bunda kichwa chini. Dada alikuwa amehamishwa mkoa mwingine. Fundi akanionyesha mkasi wake, mpini umeviringishwa mpira. "Mkono unarudi kwa kazi unayoipenda, mzee. Wewe ulimpa ipi?"

"Mwandiko."

Alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Mimi sikucheka.

Jioni ile nikampakulia mke wangu ugali niliosonga mwenyewe.

"Baba Nyangeta," akaniita.

"Naam."

"Siku ile nilitaka kumwambia dada, nataka nisonge ugali wangu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasema wewe."

Akatoa donge kwa mkono wa kushoto, akaliweka pembeni ya sahani pamoja na madonge mengine.

Ndugu yangu unayesoma, mtaalamu kama huyo akifika kwako na kuuliza swali, tazama anamuuliza nani. Kama si wewe, funga mdomo! Mwiko wangu leo ni laini, hauna hata doa, na anayeushika ni mimi.