Delbert Sipes Akubali Kulazwa

Watu wa kwetu Tennessee walimjua Delbert Sipes kwa mgongo. Kila Jumamosi asubuhi, miaka kumi na mmoja mfululizo, walikaa na uji wao wa mahindi mbele ya televisheni wakamwona akibwagwa kwenye mieleka na mtu mwenye jina kubwa kuliko lake. Siku za kazi alipanga matairi ghalani. Jumamosi alivaa kaptura nyeusi ya kubana, akaja studio kushindwa.

Mimi ndiye niliyekuwa refa, kwa hiyo najua ninachosema. Nyinyi mnaosema mieleka ile ilikuwa uongo mtupu, nyamazeni kidogo. Ndiyo, mshindi alipangwa kabla. Lakini sakafu ilikuwa mbao zilizofunikwa turubai, na anayenyanyuliwa humkabidhi mwenzake shingo yake. Mwenzake humshusha salama. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na aliyeivunja hatukumhesabu kuwa mwenzetu.

Mwaka themanini na tano Culpepper, mwenye kipindi na mpangaji wa washindi, alituletea Vance Kolter. Kijana wa miaka ishirini na minne, mikono minene, kifua cha kupigia picha, na hakujua hata kuanguka. Mwezi haukuisha akamshusha Roscoe Pruitt kichwa kikitangulia. Roscoe alikuwa rafiki wa Delbert, walisafiri gari moja miaka yote hiyo. Sasa alilala kitandani amefungwa bendeji ngumu shingoni, mkono wa kushoto haunyanyuki. Kolter hakwenda kumwona. Delbert alikwenda kila Jumamosi baada ya kipindi, akamnyoa ndevu.

Culpepper alisema ni ajali tu. Kisha akampanga Delbert na Kolter, kwa mnyanyuo uleule.

Chumbani, Delbert alimwomba Kolter waujaribu mara moja kabla ya kuingia ulingoni. Kolter alikuwa anatafuna chingamu.

"Mzee, kazi yako ni kuanguka. Unataka ufundishwe leo?"

Wengine walitazama viatu vyao. Mimi pia nilitazama vyangu, na hadi leo naona aibu.

Kengele ilipolia, Kolter alitangulia kuionyesha kamera kifua. Alipoinama kumnyanyua, Delbert akapita chini yake, akakamata mguu, akaukunja, na Kolter akajikuta amelala kifudifudi, mkono umefungwa mgongoni. Hakuumizwa. Hakuweza kuinuka tu. Delbert alikuwa amejifunza mieleka ya kweli shuleni na katika jeshi la majini, na misuli haisaidii kitu kama hujui magoti uyaweke wapi.

Ikapita dakika moja. Ikapita ya pili. Watazamaji kwenye mabenchi hawakujua wamshangilie nani. Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, hakuna cha kukata, na Culpepper alisimama kando ya kamera, uso mwekundu, akinipungia mikono. Kwetu refa ndiye mpeleka ujumbe. Nikapiga magoti kana kwamba nakagua mabega.

"Culpepper anasema ulale."

"Nitalala," Delbert akasema. "Sijakataa kushindwa. Muulize huyu atanishushaje."

Kolter akatukana. Delbert akaukaza mkono kidogo, akamwinamia sikioni.

"Nimelazwa na wanaume miaka kumi na mmoja, kijana. Utanilaza vizuri, au tutakaa hapa mpaka taarifa ya habari."

Nilisikia Kolter akihema. Kiburi kilimtoka taratibu, kisha akauliza afanyeje.

"Mkono mmoja shingoni, mwingine kiunoni. Piga goti kwanza wewe. Mgongo wangu ufike chini wote pamoja."

Delbert akamwachia. Kolter akamnyanyua hadi juu ya kichwa, midomo ikicheza, anakumbuka hatua. Akapiga goti. Akamweka Delbert chini kama anaweka trei ya mayai. Nikapiga turubai nikihesabu hadi tatu, Delbert ameshindwa, nami nikaona fahari.

Culpepper alimfukuza Delbert kabla hajafungua kamba za viatu. Alimwambia hataonekana tena kwenye televisheni yoyote ya jimbo hili, na kweli hakuonekana. Delbert alikunja kaptura yake, akasema hana muda wa kubishana, Roscoe anamsubiri anyolewe.

Jumamosi iliyofuata aliyepangwa kushindwa na Kolter alikuwa Eugene Tubb, seremala, baba wa watoto wanne. Kabla ya kengele alinivuta shati.

"Mwambie anishushe kama alivyomshusha Delbert."

Culpepper alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Nilimwambia Kolter kwa sauti ya kumfikia na Culpepper. Ulipofika wakati, Kolter alimnyanyua Tubb juu, akapiga goti kwanza.