Nilimtangaza Mama Kabla Dada Hajafika

Admin, nifichie jina, watu wa nyumbani wasinitambue. Mimi ni binti wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, naishi kwetu Area D. Ni mpole kupita kiasi. Wageni wakija natoa shikamoo, naingia jikoni. Ila Facebook nina akaunti ya jina la bandia, na huko ndiko ninakoishi. Huko nachekesha, nagombana, nasikilizwa. Nyumbani wanaamini hata kuposti sijui.

Mama alifariki asubuhi, baada ya kuugua siku chache. Dada yangu mkubwa alikuwa ndani ya basi, anatoka Dar kuja kumuuguza. Baba mdogo alitukusanya sebuleni akasema, "Asitoke mtu na habari. Dada yenu yuko njiani peke yake. Akipiga, mwambieni mama kazidiwa. Akifika tutamkalisha chini tumweleze." Ndivyo kwetu habari ya msiba inavyofikishwa. Nilimsikia vizuri, nikaitikia kwa kichwa.

Kisha nikajifungia bafuni, nikaweka picha ya mama ya sikukuu ya Idi. Nikaandika, "Mama, umeniacha na nani?" Pole zikamiminika. Watu nisiowajua wakaniita mpenzi, jasiri, mdogo wetu. Sitawadanganya, nilijisikia vizuri. Mama yangu yuko chumba cha pili, hata hajaoshwa, mimi natabasamu na simu. Hilo linanitesa kuliko yote.

Picha ikasambazwa mpaka ikamfikia jirani yetu wa zamani, naye akampigia dada: "Pole mwaya kwa kufiwa na mama." Basi lilikuwa linakaribia Kibaigwa. Dada alipiga kelele, akazimia. Wakamshusha pale, wauza mahindi wakammwagia maji, wakampeleka zahanati. Simu yake ikawa haipokelewi. Wazee walimsubiri hadi swala ya alasiri, wakaona maiti haiwezi kungoja zaidi. Dada aliingia wanaume wakirudi kutoka makaburini, kanga yake imejaa vumbi. Uso wa mama hakuuona.

Aliuliza swali moja tu: "Nani alitangaza?"

Macho yote yakamgeukia Zuhura, binti wa shangazi, maana ndiye mwenye mdomo, na ile picha ya Idi, ambayo jirani alisema kaiona Facebook, aliipiga yeye. Zuhura akaapa, akalia. Shangazi mwenyewe akamzaba kofi. Nilikuwa nimekaa ubavuni pa Zuhura. Mjomba akamwambia, "Si ujifunze kwa mwenzio huyu, mtoto mtulivu?" Nikainamisha kichwa. Posti nilishaifuta.

Arobaini ni Jumamosi hii, na Zuhura kakatazwa kufika. Juzi tunachambua mchele, dada akaniambia, "Bora ningeambiwa nimeshikwa mkono na mtu wangu." Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Nilitaka kusema, nikaendelea kuchambua mchele. Nikikiri, nitampoteza dada, naye ndiye mama niliyebaki naye. Nikinyamaza, Zuhura ataendelea kubeba kosa langu.

Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi, na nimwambie nani kwanza? Nitukaneni mkitaka, ila naombeni msinipe pole. Najijua. Kisa hiki kikishatoka, nitajifungia bafuni kuzihesabu.