Aliyeifundisha Kompyuta Mpya Kwenda Polepole

Habari za msiba zilinifikia Jumatano, kwa simu kutoka Garissa, na aliyepiga alizitoa kwa utaratibu wa watu wa kule: aliniuliza kwanza hali yangu, kisha ya watoto, kisha ya mvua, ndipo akasema, "Yule wa kombyuta ametangulia. Tumeshamzika." Alifariki alfajiri nyumbani kwao Ijara, na kabla ya adhuhuri alikuwa kaburini. Wewe msomaji humjui, wala hakuwahi kuandikwa gazetini. Nilifanya naye kazi mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ndogo ya misaada iliyotafuta jamaa waliopotezana vitani. Mimi nilikuwa msimamizi, yeye karani wa kompyuta. Alikuwa mtoto wa wafugaji, mrefu, mzito wa kucheka, na herufi p kwake ilikuwa b.

Kazi yetu yote ilikaa ndani ya programu moja kuukuu, iliyoandikwa na mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Humo mlikuwa na wakimbizi wa kambi ya Hagadera, kila mtu na jina lake, la baba, la babu, na la baba wa babu, pamoja na kisima alichonyweshea mifugo kabla ya vita. Kompyuta iliyoibeba ilikufa kwa vumbi na joto, ikatuachia disketi. Makao makuu yakatuletea kompyuta mpya, na pamoja nayo mtaalamu aliyevaa tai katika jua la Garissa. Akanakili programu, akaifungua, ikaanguka. Akaifungua tena, ikaanguka tena. Akatangaza kwamba imekufa, na kwamba alikuwa na nyingine ya kisasa, yenye nafasi ya majina mawili.

"Mawili?" karani akauliza.

"La kwanza na la mwisho."

"Kwa majina mawili, Hagadera utabata watu mia wa jina moja. Na wote watakuja."

Mtaalamu akacheka. Mimi, na hili naliandika kwa aibu, nilitia sahihi barua ya kuiacha programu ya zamani. Kitu kipya kina namna yake ya kumfanya msimamizi ajione ameendelea. Programu mpya ilikuwa tupu. Orodha ilipaswa kuandikwa upya kutoka fomu za karatasi, ambazo mchwa walizifikia kabla yetu.

Wiki hiyo hiyo akaingia mama mmoja kutoka Takaba, aliyesafiri siku kadhaa juu ya lori la mifugo, akimtafuta mdogo wake aliyeachana naye mpakani wakikimbia vita. Nikamweleza arudi baada ya miezi mitatu. Karani akamtafsiria Kisomali, yule mama akaitikia kwa kichwa na kutoka. Kisha karani akanigeukia.

"Nimemwambia, 'Eeddo, ngoja Alhamisi.'"

Eeddo kwao ni shangazi, kwa heshima. Ilikuwa Jumatatu. Akachukua disketi akaenda ofisi ya jirani, waliokuwa na kompyuta ya miaka michache nyuma, wakamruhusu robo saa. Pale programu ilifunguka bila tabu. Akarudi, akakaa mbele ya mashine yetu siku mbili, akasoma kijitabu cha maelezo yake kurasa zote, hata zile za onyo la umeme. Jumatano mchana akaniita.

"Brogramu si mgonjwa," akasema. "Kombyuta ndio iko na mbio sana."

Alinieleza kwamba programu ikiamka hupima kwanza kasi ya mashine, kwa kuiachia ihesabu kidogo na kutazama ni muda gani umepita. Mashine mpya ilimaliza kuhesabu kabla saa haijasogea. Programu ikaona muda ni sifuri, ikajaribu kugawanya kwa sifuri, ikaanguka. Basi aliingia kwenye mipangilio ya ndani, akazima kifaa kinachoiongezea mashine kasi. Ikawa nzito kama punda wa mkokoteni, na majina yote yakafunguka.

Alhamisi mama akaja. Karani akamwuliza majina manne ya mdogo wake na kisima chao. Likatoka jina moja tu, na mtaa wa kambi anakoishi. Jumamosi tukampeleka Hagadera. Mdogo wake alikuwa sokoni akimmiminia mteja maziwa. Alimwona dada yake, akamaliza kumimina, akafunika chombo, ndipo akakaa chini mavumbini, naye mkubwa akakaa hapo hapo kando yake. Karani wetu aligeuka akatazama mbuzi wa watu kwa muda mrefu.

Tangu siku hizo nimeona mengi yakitangazwa kuwa yamekufa: njia za wafugaji, hukumu za wazee, hata watu waliobakiza mwaka mmoja kustaafu. Anayetangaza huwa mara nyingi ana haraka, na mimi nimekuwa yeye. Sikumwadhibu karani kwa kutafsiri uongo, kwa sababu uongo mkubwa ulikuwa na sahihi yangu. Mola amlaze pema. Alichoniachia ni hiki: kabla hujasema kitu hakina uhai, punguza mwendo wako kwanza, utazame kama hakitaamka.